UZI: Akina mama wa hisa Mtwara wanaopokea mabinti waliouzwa, kazi inaanza basi likishafika stendi

katibu_wa_hisa:

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa hapa Mtwara mjini, jina la kikundi na mtaa naviweka pembeni na mbele mtaelewa kwa nini. Ni akina mama wa kawaida tu, wengi wanauza samaki na mboga soko la Chikongola, wapo mama ntilie, yupo mwalimu mstaafu na nesi mmoja. Tulianza kama vikundi vyote vinavyoanza, kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila wiki hisa na mfuko wa jamii. Hili la kupokea mabinti halimo hata kwenye katiba yetu, lilitukuta. Mwenzetu anapika wali stendi ya Mkanaledi, mabasi ya Dar yakishusha usiku watu wanasambaa na bodaboda, anabaki binti mmoja kakalia shangazi kaja lake. Ukimuuliza anasema kuna mtu anamsubiri. Saa sita inapita mtu hajaja. Sa utafunga genge ukalale?

Akalala kwa mama ntilie. Baadae akaja mwingine, na wa kutoka Muscat kule Oman, na wa kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ikawa mtu akikwama bodaboda wenyewe wanamleta.

Yan nikisikia watu wanaongelea usafirishaji haramu wa binadamu stori inaishia polisi wamevamia nyumba fulani, mabinti wametolewa, picha imepigwa, basi. Sisi tunakutana nao kuanzia hapo. Na nawaambia kumtoa binti kwenye nyumba ya mtu Dar ni kazi ya siku moja, kumrudisha kwao Tandahimba akakaa asiondoke tena na dalali yuleyule ndo mtihani.

Kwa sababu dalali ni ndugu. Hapo ndo penyewe. Watu wanadhani dalali ni njemba fulani ngeni ina gari la vioo vyeusi. Wengi tuliowapokea sisi walichukuliwa na shangazi, mama mdogo, jirani, au dada wa mtaani aliyetangulia Dar akarudi Idd na simu kubwa. Anakuja mwezi wa tisa mtihani wa darasa la saba ukiisha. Binti ameshachezwa unyago kwahiyo nyumbani anahesabiwa mtu mzima, baba ameshachukua hela ya kangomba, yaani kauza korosho kwa bei ya chini kabla ya msimu, na mikorosho bado iko kwenye maua, halafu anatokea mtu wa damu moja anasema nipeni huyu nikamsomeshe cherehani, atakaa kama mtoto wangu, mshahara mtakuwa mnatumiwa nyinyi. Nani atakataa? Mama anatumiwa mara ya kwanza, mara ya pili, halafu kimya.

Siku anarudi anarudi na mfuko ule ule. Nyumbani swali la kwanza umeleta nini. Na shangazi ameshatangulia kupiga simu, kwamba huyu mtoto kaniaibisha, kaiba, katoroka na mwanaume. Sasa shangazi huyo ndo anayetoa hela msiba ukitokea kwenye ukoo, nani ataenda kumsema dawati la jinsia? Kesi inafia ukumbini kwa babu. Ndo maana jina la kikundi sitaji, wale madalali tunasalimiana nao sokoni kila asubuhi.

Ulizeni, nitajibu nikipata bando.

mti_mkavu:

Dada hongera kwa moyo ila tuambiane ukweli, kazi za ndani ndo siku hizi zinaitwa kuuza binadamu? Humu wote tumelelewa na madada wa kazi. Mkishaita kila beki tatu mhanga hawa watoto watakula wapi, kwani kijijini kuna nini? Haya maneno yanatungwa na NGO zipate hela za wazungu. Nawasilisha.

sura_432:

Mti mkavu hoja yako nusu iko sawa, kazi ya ndani si kosa na hakuna aliyesema ni kosa. Ngoja nikuwekee kinachoangaliwa kisheria bila kukuchosha.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008, Sura ya 432. Inafuata Itifaki ya Palermo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga biashara hii wa mwaka 2000, ambayo Tanzania tuliiridhia 2006. Wanatazama mambo matatu. Kuna tendo, mtu kachukuliwa, kasafirishwa au kahifadhiwa. Kuna njia, kadanganywa, katishwa, au mtu katumia shida yake. Na kuna lengo la kumnyonya, kumtumikisha kwa nguvu, ukahaba, utumwa wa nyumbani. Yakikutana yote matatu ni biashara ya binadamu hata kama hajavuka mpaka, hata kama katoka Newala kaishia Mbagala. Na akiwa chini ya miaka 18 suala la njia halitazamwi tena, inatosha kachukuliwa kwa lengo la kunyonywa. Halafu ile ngao ya "alikubali mwenyewe" haimsaidii mtu, huwezi kukubali kitu ambacho ulidanganywa.

Umri wa kuanza kazi kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 ni miaka 14 na iwe kazi nyepesi isiyomtoa shuleni. Na amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Elfu sitini tu mkuu! Tafuta mabinti kumi mtaani kwako uone wangapi wanaipata mkononi.

Zamani mtu akikutwa na hatia aliweza kulipa faini akaenda zake nyumbani, marekebisho ya 2022 yakaondoa hiyo nafasi ya faini badala ya kifungo. Kwahiyo kwenye karatasi sheria ina meno. Tatizo ni hilo alilosema dada, nani anasimama kizimbani kumtaja mama yake mdogo.

katibu_wa_hisa:

@sura_432 asante sana kaka umenirahisishia.

@mti_mkavu kaka yangu mimi mwenyewe nina dada wa kazi, anaitwa kwa jina lake, analala kitandani, mwezi ukiisha anashika hela yake, jumapili anatoka. Huyo wala hatumzungumzii. Ninaowazungumzia mmoja alikuwa analala jikoni chini ya meza ya jiko la gesi, na simu yake ya kitochi laini ilisajiliwa kwa jina la bosi, kwahiyo siku kagombana na bosi laini ikafungwa, namba ya mama yake ilikuwa humo humo. Hakuwa ameikariri kichwani. Alizunguka na ile simu imekufa mpaka karudi huku, ilikuwa imefungwa na rababendi kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea.

Siku hizi kitu cha kwanza tunachowafundisha mabinti wanaosafiri, maana hatuwezi kuwazuia kusafiri, ni kukariri namba mbili. Tunawaimbisha kama wimbo. Wanacheka ila wanashika.

konda_wa_kusini:

Wakuu mimi nimepiga ukonda hii barabara ya Dar Mtwara miaka ya nyuma sasa hivi nina bajaji yangu. Haya mambo yapo msibishe.

Unakuta mama mmoja kakata tiketi tano, zote anazo yeye kwenye pochi, mabinti wanne kawapanga siti za nyuma. Simu zao kazikusanya "zisiibiwe". Basi likisimama Nangurukuru watu wanashuka kula wao hawashuki, mama anawaletea mihogo dirishani. Ukimuuliza binti unaenda wapi anamwangalia mama kwanza ndo anajibu. Ukishaona anaangalia kwanza ujue.

Kuna siku mwenzangu alitonya askari kwenye kizuizi, askari akapanda, mama akasema ni wanangu nawapeleka kwa baba yao, mabinti wakaulizwa huyu ni nani wakajibu mama. Imeisha. Basi likaondoka na lile limama likatutukana mpaka Kibiti. Wanafika Mbagala Rangi Tatu wanagawanywa palepale kila mmoja na mtu wake, robo saa tu hakuna aliyebaki.

Konda hana mamlaka, ukikosea abiria anaenda kulalamika ofisini unapoteza kazi. Ila kama kungekuwa na mtu wa kumpigia ambaye sio polisi moja kwa moja, mi ningepiga.

katibu_wa_hisa:

@konda_wa_kusini namba ipo ya watoto, 116, ni bure mtandao wowote, inaendeshwa na shirika la C-Sema na ukipiga hawakulazimishi ujitaje. Wakiona inahitajika wanaunganisha na ustawi wa jamii wa eneo husika. Makonda wengi hawaijui, ingebandikwa pale juu ya dereva badala ya zile stika za "mwanaume ni kujituma".

Na mama ntilie wa stendi ndo macho yetu. Hana cheo chochote ila anajua basi gani limebeba nani. Binti akija kununua maji anaulizwa kwa Kimakonde kidogo, kwenu wapi, umezaliwa na nani. Kama ni mtu anayefahamika jioni habari imeshafika kijijini, na hapo ndo kuna nguvu yetu, maana mama mzazi akijua binti yupo stendi muda huu na anapelekwa wapi, yule dalali analegea. Anaogopa kusemwa kuliko anavyoogopa polisi.

bint_rasi_bura:

Nimesoma hapa nikatetemeka. Mimi ni wa Lindi mjini. Nilienda Oman.

Nitaandika kidogo tu. Mkataba nilisaini Dar, nikafika Muscat nikapewa mwingine wa Kiarabu, mshahara umepungua na nyumba zimekuwa mbili, naamka kwa bosi mchana nahamishiwa kwa dada yake. Paspoti kachukua mwenye nyumba siku ileile. Kule kuna mfumo unaitwa kafala, viza yako imefungwa kwa mwajiri, ukitoka kwake bila ruhusa yake wewe ndo mkosaji unaitwa mtoro. Kwahiyo ukipigwa ukakimbia polisi wanakutafuta wewe.

Walioniokoa sio ofisi. Ni kundi la WhatsApp la wadada wa Kitanzania walioko hukohuko, wengine wako majumbani kwa watu kama mimi. Unatuma voisi ya kunong'ona chooni unasema hali yako, wanakwambia usikimbie usiku, usisaini karatasi yoyote usiyoisoma, piga picha ya namba ya nyumba na kitambulisho cha kafili, yaani mwajiri aliyeshika viza yako, ukiweza. Wakachanga tiketi, riali moja moja, mbili mbili. Mtu anayelipwa kwa taabu anachangia tiketi ya mtu asiyemjua sura. Mwingine alinipa namba ya mtu ubalozini wa kuongea naye kwa Kiswahili, paspoti ikapatikana.

Nimerudi Lindi watu wanaangalia mabegi. Nilipita kwa akina mama fulani, kikundi kama hiki cha uzi, sikuulizwa kitu. Walinipa dera na mswaki, wakaniambia kalale. Kesho yake nikakuta wanapara samaki nikakaa nikapara nao. Hakuna aliyesema tueleze yaliyokukuta. Nilikuja kusema mwenyewe baadae sana, na nilimwambia mmoja tu.

Baadae wakaja watu wengine na fomu na kamera, wakasema tukitoa ushuhuda tutapewa mtaji. Nikaondoka.

mti_mkavu:

@bint_rasi_bura pole sana mdogo wangu, hapo sina la kubisha. Mungu akutie nguvu.

sura_432:

Anachosema dada wa Lindi kimeandikwa pia. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walitoa ripoti mwezi wa kumi na moja 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, walihoji wafanyakazi 50. Yale yote yamo humo, paspoti kushikwa, mkataba kubadilishwa, kazi usiku na mchana, vipigo, wengine kudhalilishwa kingono.

Na hilo la kamera naliunga mkono mia. Binti ametajwa sura na kijiji kwenye video ya dakika mbili halafu kesi haijaisha mahakamani, hapo umemlinda nani?

ntu_wa_mahurunga:

Wanakusini wenzangu salaam. Mmeongelea wanaotoka, tuongelee na wanaokuja, maana huku mpakani Ruvuma ndo kwetu.

Toka vita vianze kule Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, Oktoba 2017 watu wamevuka sana, na mji wa Palma hukohuko uliposhambuliwa Machi 2021 ndo ikawa balaa. Sio watu wageni hawa. Mmakonde wa huku na wa kule ni ukoo mmoja, mto ndo umepita katikati, bibi yangu kazaliwa kule. Hata huku tumeonja, kijiji cha Kitaya ng'ambo hii ya mto kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu wakauawa. Kwahiyo serikali nayo ikawa na wasiwasi na kila anayevuka, wengi wakarudishwa kwa njia ya Negomano, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakalalamika hadharani mwaka ule wa 2021. Mimi sio mwanasiasa nawaambia ninachokiona.

Mwanamke kavuka na watoto, mume hajulikani alipo. Hana karatasi. Anapewa kibanda shambani kwa mtu, apalilie, aokote korosho msimu mzima, malipo mnada ukilipa. Mnada umelipa, mwenye shamba anasema hela haijaingia, mara AMCOS, chama cha ushirika, wamekata, mara nakuitia uhamiaji. Hilo neno la mwisho ndo limemfunga. Wengine wako kwenye vilabu vya uraka, pombe ya mabibo, mchana anauza pombe usiku anaambiwa alale na wateja na hela inashikwa na mwenye kilabu. Akienda kituo cha polisi anaogopa yeye ndo atawekwa ndani kwa kuingia bila kibali.

Sasa nyie wa vikundi huyu mnamsaidiaje, maana hata laini ya simu hana uwezo wa kusajili, toka wamebana usajili kwa alama za vidole bila NIDA au paspoti huna laini, bila laini huna M-Pesa, bila M-Pesa hela yako inakaa kwa bosi.

katibu_wa_hisa:

@ntu_wa_mahurunga kaka umegusa palepale panapotuuma. Nitajibu kwa urefu kidogo mnisamehe.

Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, huyu mama hapati, fomu inataka kitambulisho cha uraia na kikundi kimesajiliwa. Kwahiyo kundi la watu linalohitaji zaidi ndo haliko kwenye hesabu. Kilichobaki ni hisa zetu wenyewe. Kwenye kisanduku hatuulizi NIDA. Tunaandika jina analoitwa, mtaa anaoishi na nani kamdhamini, anaweka hisa yake ya elfu moja kama mwingine, kwenye daftari ana mstari wake na mihuri yake. Kuna mama wa ng'ambo alikuwa analifungua lile daftari kila kikao anaangalia ukurasa wake tu, anapitisha kidole kwenye mihuri halafu anarudisha. Akipata malipo ya shamba analeta palepale, haimkai bosi mkononi. Ndo benki yake.

Kuhusu korosho, kitu kilichosaidia ni kipimo. Anayeokota anabaki na karatasi yake ya kilo kila siku, imeandikwa na mtoto wa shule na shahidi mmoja kasaini. Msimu ukiisha mwenye shamba akianza stori tunaenda watatu wanne, tunakaa barazani kwake, tunasalimia, tunaomba maji, tunatoa zile karatasi. Hatutaji polisi. Mara nyingi analipa nusu palepale na nusu baada ya mnada, maana majirani wanapita wanaona akina mama wamejaa kwake. Wengine hawalipi, hapo kweli tunakwama, mtu hana kibali cha kazi ukienda mbele sana unamuweka yeye hatarini. Sitawadanganya kwamba tuna dawa ya hilo.

Wa kwenye vilabu ni ngumu kuliko wote. Hatumwambii atoke. Kuna shirika moja lilikuja likawatoa wanawake kwa gari, likawaweka gesti, likawafundisha kusuka vikapu, mradi ukaisha, wakarudi kwenye vilabu vilevile na deni juu, maana mwenye kilabu aliwaandikia kila siku waliyokuwa hawapo. Sisi nesi wetu anapita kama mteja wa chapati, anawapa dawa, anawaambia siku ya kikao, anasema mlango upo. Anayetaka kutoka anatoka siku anayoona yeye inafaa, na anatoka na vitu vyake na watoto wake.

mti_mkavu:

Swali la mwisho toka kwangu, na sio la kejeli. Hela mnatoa wapi? Maana nauli ya Dar Mtwara sio mchezo.

katibu_wa_hisa:

Mfuko wa jamii kaka. Kila mwanachama analipa kidogo juu ya hisa yake, ni ule wa misiba na ugonjwa, tulikubaliana binti akikwama ahesabiwe kama msiba. Kulikuwa na ugomvi, wenzetu wengine walisema msiba wangu nikija kukosa hela nitamlaumu nani, na walikuwa na haki. Tukaweka kikomo. Ukikauka tunapita msikitini na kanisani, makonda wengine wanaojielewa wanapakiza bure siti ya mwisho.

Wafadhili wapo sikatai. Kuna mashirika yanafanya kazi ya maana, WoteSawa kule Mwanza ilianzishwa na dada aliyekuwa mfanyakazi wa ndani mwenyewe na ukiongea nao unaona wanajua wanachokisema. Dar kuna KIWOHEDE na masista wa DMI wana sehemu za kulala mabinti, wale wa mjini wametusaidia kumshikilia mtu mpaka tupate nauli. CHODAWU ni chama cha wafanyakazi, wanapokea madada wa kazi, wengi hawajui kama wana chama.

Ila sasa huku kwetu zile za kuja na kuondoka, dah. Tarehe 30 mwezi wa saba ni siku ya dunia ya kupinga biashara hii, tunaletewa tisheti na bango. Halafu zile siku 16 za kupinga ukatili, 25 Novemba mpaka 10 Desemba, ukumbi umejaa maofisa, soda na posho, na walengwa wote wako mashambani wanaokota korosho. Kila mwaka nasema jamani sogezeni au mje shambani, naambiwa kalenda ni ya kimataifa. Bango la mwaka juzi tumeezekea banda la kuku.

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, ziko mpaka vijijini kwenye makaratasi. Pale mwenyekiti anapokuwa mtu wa maana zinafanya kazi kweli, nimeona kijiji kimoja upande wa Nanyumbu binti hatoki na mtu yeyote mpaka kamati imwandike anakwenda kwa nani na namba ya simu. Kijiji kingine mjumbe wa kamati ndo dalali mwenyewe. Mnaona sasa?

konda_wa_kusini:

Hahaha mjumbe dalali, hii nchi bwana 😂 ila ndo ukweli.

mkwe_wa_nachingwea:

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Shemeji yangu yuko Nachingwea ana miaka 22, ameambiwa aende Oman mwisho wa mwezi huu, wakala anasema kila kitu tayari. Mke wangu analia kutwa. Nimemwambia shem nitumie mkataba niusome anasema mkataba uko kwa wakala atapewa akifika uwanja wa ndege. Na anasema wanapita Nairobi kwanza. Nifanyeje, ni mtu mzima siwezi kumfungia ndani.

sura_432:

Mkuu wakala wa ajira lazima awe na leseni ya serikali, hiyo ipo toka sheria ya huduma za ajira ya 1999. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ndo wa kuwauliza, uliza jina la kampuni sio jina la mtu. Kazi ya halali ya nje mkataba unaonekana kabla ya safari, una jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipia tiketi ya kurudi. Mkataba wa kupewa uwanja wa ndege hakuna. Na mtu wa Dar kupitishwa Nairobi wakati ndege za Muscat zinaondoka Dar na Zanzibar, muulize kwa nini.

bint_rasi_bura:

Kaka usimgombeze. Mimi nilikatazwa kwa ukali nikaondoka kwa siri, ndo maana nilipopata shida sikuwa na uso wa kupiga simu nyumbani. Mwambie akiamua kwenda aende, ila mwombe vitu. Jina la wakala na picha yake. Kopi ya paspoti na viza ibaki kwa dada yake. Akariri namba ya dada yake kichwani. Na mpange neno moja, akilisema kwenye simu hata mbele ya bosi nyie mjue mambo yameharibika, sisi tulikuwa tunasema "msalimie bibi" na bibi hayupo.

Na kama atakubali kuongea na mimi nipo, aje inboksi, simtishi, nitajibu anachouliza tu.

katibu_wa_hisa:

@mkwe_wa_nachingwea na mimi naongeza moja shemeji. Ulizeni huyo wakala kaletwa na nani pale nyumbani. Kuna mtu wa familia kaleta hilo jina. Mkimjua huyo, mama mkwe wako ndo aende akaongee nae, asiende mwanaume na asiende na polisi, aende na akina mama wawili anaowaamini, amuulize mbele yao kwamba huyu mtoto likimpata jambo nije kwako? Akijibu ndio basi aandike jina na namba yake. Mimi nimeona safari zikifutwa kwa hilo swali tu.

mkwe_wa_nachingwea:

Nimempigia mama mkwe sasa hivi. Anasema jina limeletwa na mdogo wake baba. Kesho asubuhi anaenda na jirani zake wawili. Shem nimemuomba aingie humu asome mwenyewe, amesema bando limeisha nimemrushia.